Kilomita Moja, Ukitoa Mahindi

Watu wanaouza moduli za redio, vile vijibao vidogo vya sakiti ambavyo kimoja hutuma na kingine hupokea, nadhani wanaishi jangwani. Sioni maelezo mengine. Kila walichonacho kinafika mita mia, mita mia tano, "hadi kilomita moja mahali peupe". Mahali peupe! Mimi ni mtu wa Kitale. Trans Nzoia huwa peupe mwezi wa Machi, kati ya trekta na mvua ya kwanza. Baada ya hapo ni mahindi, na ikifika Julai mahindi yenyewe yamempita mtu kimo na bado yanaendelea. Muulize muuzaji moduli yake itafika wapi penye mahindi ya mbegu ya 614, atakujibu kwamba hiyo haijaandikwa kwenye karatasi.

Haijaandikwa kweli. Nimeisoma karatasi yote.

Haya yote yameniingia kwa sababu ya kuku. Wakwe zangu wako Bungoma, upande wa Bukembe, katikati ya miwa. Mama mkwe anafuga kuku, tena si wachache, na banda lao liko mwisho wa shamba kwa kuwa mzee alikataa katakata kulala na harufu. Kutoka bandani hadi nyumbani ni mita mia mbili na ushei, na sehemu kubwa ya hizo ni miwa ya jirani. Wezi wanaipenda sana miwa hiyo. Ikifika Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara, wageni wakiwa tele na kila sufuria iko motoni, kuku wa Bungoma huwa hawana uhakika na kesho yao. Desemba nayo haiko mbali na Agosti.

Basi mama mkwe akatuma neno. Kwa kuwa mume wa binti yake hushinda Jumamosi nzima akichomelea waya na kujaza nyumba moshi, hebu moshi huo nao ulete faida. Mlango wa banda ukifunguliwa usiku, kengele ilie kando ya kitanda chake. Isilie kwenye simu, maana simu yeye huizima usiku ili betri ipumzike.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na haikuwa shida ya umeme. Kwetu mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Haketi karibu naye. Chumba chake cha kulala hatakiwi hata kukitupia jicho. Mimi na mama mkwe tumekuwa tukiwasiliana bila waya tangu siku ya mahari: yeye humwambia shemeji, shemeji huniambia mimi, nami hujibu kwa njia hiyo hiyo, ingawa sote watatu tuko ndani ya ua mmoja na tunasikizana vizuri kabisa. Kwa hivyo kipokezi cha kukaa kando ya kitanda chake ni kipokezi ambacho sitakiona kamwe kikiwa kazini. Siwezi kukigeuza, siwezi kukisogeza, siwezi kukaza skrubu. Na hilo pia wauzaji hawajaliandika.

Kitale mjini utapata chaja, vifuniko vya simu, spika za matatu, na remoti ya kila televisheni iliyowahi kutengenezwa. Moduli za redio huzipati. Unapiga simu Nairobi, Luthuli Avenue, halafu unangoja kifurushi kije na gari la usiku.

"Ni ya kazi gani, boss?" kijana wa dukani aliniuliza.

"Ya kuku."

Akanyamaza kidogo. "Tuko na ya geti, tuko na ya droni. Ya kuku hatuna."

Nikachukua ile jozi ambayo kila mtu huanza nayo, ya megahezi 433.92, kwa kuwa bei yake haifikii hata nauli ya kwenda kuichukua. Kitumaji ni kijibao cha mraba kilichoandikwa FS1000A. Kipokezi ni kirefu zaidi. Vyote viwili vinakuja bila antena. Kuna tundu tu lenye herufi ANT, na kutoka hapo unatakiwa ujue mwenyewe. Antena ya kawaida ni robo ya urefu wa wimbi. Chukua mwendo wa mwanga, gawa kwa masafa, unapata sentimita 69 hivi. Robo yake ni 17.3. Ndiyo hiyo tu: kipande cha waya cha sentimita 17.3. Kitu hicho, ambacho hakigharimu hata shilingi, wameshindwa kukitia kwenye pakiti. Wakapata nafasi ya kutia karatasi ya kunishukuru kwa kununua.

Kitumaji sina ugomvi nacho. Ukikipa volti 12 badala ya 5 kinapaza sauti zaidi, na hakinung'uniki. Mwenye maneno ni kipokezi. Hakijui kunyamaza. Kukiwa hakuna anayetuma, kinaongeza usikivu wake, kinaongeza, kinaongeza, mpaka kinaanza kusikia mambo ambayo hayapo, na kila kinachosikia kinakuletea kana kwamba ni habari. Nina jirani mmoja wa hivyo hivyo. Tena Bungoma ni nchi ya radi, na kila radi hutoa mawimbi yake. Ukiifunga kengele moja kwa moja kwenye mguu wa kipokezi, mama mkwe ataamshwa usiku kucha kwa wezi wa kubuni.

Dawa yake ni kutotuma "ndiyo" tupu. Unatuma ujumbe wenye kichwa, wenye namba ya mtumaji, na mwishoni hesabu ya kuhakiki, ili kipokezi kitupe kila kisichofanana na hicho. Arduino, kile kijibao unachokiandikia programu, ina maktaba iitwayo RadioHead inayokufanyia kazi hiyo. Hapo uongo unaisha. Msongamano hauishi. Kwenye 433.92 kuna remoti za mageti, kuna ving'ora vya magari, kuna vile vya pikipiki vinavyopiga kelele mwenyewe akiwa ameshaikalia. Pita pale Kanduyi, waliko bodaboda, na kipokezi kimewashwa, uone sherehe. Ujumbe wao haugeuki kuwa wako, hilo ni kweli, lakini wakisema wakati ule ule unaposema wewe, wako unapotea. Na mwizi wa kuku hafungui mlango mara mbili.

Shemeji, aliyesomea kompyuta Eldoret na ambaye hapitwi na jambo, akacheka. Akaniambia niachane na vitu vya kizamani ninunue nRF24L01, ya Nordic ya kule Norwe. Inatumia gigahezi 2.4, ina mbio, inatuma na kupokea, na ikipata ujumbe hujibu yenyewe kwamba umefika. Yote hayo ni kweli. Alichosahau kuniambia ni jinsi inavyodeka. Mguu wake wa umeme mwisho wake ni volti 3.6, ukiupa 5, umezika. Ukichukua 3.3 kutoka kwa Arduino Uno, mguu huo umeahidiwa miliampea 50 tu, na ile moduli yenye kikuza mawimbi na antena ya kusimama inataka zaidi ya mia inapotuma. Inawaka, inazimia, inawaka, nawe unakesha ukikagua programu isiyo na kosa lolote. Wazoefu wote wana ushauri mmoja: ichomelee kapasita ya maikrofaradi 10 pale umeme unapoingilia. Nashukuru. Lakini kama kila mnunuzi duniani lazima aichomelee kapasita, si wangeichomelea wao kiwandani, waliko na mashine? Na hapo nazungumzia ile halali. Sokoni kumejaa za bandia zenye jina lile lile mgongoni, na macho hayatakusaidia kuzitenga.

Hata hivyo aliyeishinda nRF hakuwa umeme. Alikuwa mhindi.

Machi, nyuma ya nyumba yangu Kitale, iliruka shamba lote bila shida. Shemeji akapiga picha. Juni ilikuwa ikifika katikati ya shamba. Julai ilikuwa ikisikika vizuri sana kwenye veranda. Moduli ilikuwa ile ile, programu ile ile, betri mpya. Mahindi ndiyo yaliyokua. Jani la mhindi limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo yanavyonyonywa zaidi. Hayo ya gigahezi 2.4 ndiyo yale yale ambayo tanuri la mikrowevu huchemshia maji ya chai. Kwa hivyo kila jioni nilikuwa nikijaribu kuyapasha moto mahindi ya jirani kwa betri ndogo, na mahindi yakisema asante.

Uchungu zaidi ni kwamba mchana mimi nauza kwenye agroveti. Mbegu ninauza mimi. Mbolea ya kupandia ninauza mimi, na ya kukuzia pia. Kazi yangu ya mchana inaua kazi yangu ya jioni. Kitale yenyewe ndiyo makao ya Kenya Seed tangu 1956, na mbegu chotara ya 611 ilitoka kwenye utafiti wa hapa hapa mwaka 1964. Wale wataalamu walitaka magunia, wakayapata, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mtu mwenye kitumaji cha miliwati moja.

Nikajifariji kwamba Bungoma si mahindi. Bungoma ni miwa. Mahindi angalau Oktoba na Novemba yanaondoka, unapata nafasi ya kupumua na kupima. Muwa husimama shambani mwaka na nusu, na lori likichelewa, unaendelea kusimama.

Watu hudhani ukikiona kipokezi kwa macho basi na redio inakiona. Wimbi halipiti kwenye uzi. Linataka nafasi nene katikati ya safari yake, na kadiri umbali unavyokuwa mrefu ndivyo nafasi hiyo inavyotanuka. Kwa mita mia mbili na megahezi 433, katikati pale linataka karibu mita sita kila upande, juu na chini. Kwa hivyo antena iliyofungwa kwenye komeo la banda, sentimita chache kutoka ardhini, nusu ya wimbi lake inakwenda kwenye udongo na nusu nyingine kwenye sukari. Kuinua antena kwenye mlingoti wa mwanzi kulinisaidia kuliko kununua moduli ya bei mara tano. Hili wauzaji wanalijua. Ila mwanzi hawauzi.

Mzee, baba mkwe, alikuwa akitusikiliza tukibishana. Akauliza mbona tusiweke laini ya simu bandani, kuku wapige wenyewe. Si wazo la kudharau. Mwaka 2008 kijana wa Pwani, Morris Mbetsa, alivuma nchi nzima kwa kifaa chake cha kulinda gari kwa njia ya simu, na umbali kwake haukuwa hoja, kwa kuwa minara ilishajengwa na wengine. Siku hizi kuna SIM800L, ndogo kuliko kiberiti, inayopokea laini na kutuma ujumbe. Ila nayo ina tumbo. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, si 3.3 wala 5, yaani haitaki umeme wowote ambao mtu tayari anao mezani. Na inapoutafuta mnara hugida ampea 2 kwa mpigo, betri hafifu ikalegea na moduli ikajizima, ikaamka, ikatafuta mnara tena. Nikamweleza mzee kwamba zaidi ya hayo lazima laini iwekwe krediti.

"Ya kuku?"

"Ya kuku, mzee."

Akaitisha chai. Shauri likaisha.

Zikabaki mbili. Ya kwanza LoRa, ambayo asili yake ni kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Hii ndiyo ninayoiheshimu. Inazungumza polepole sana, maneno machache, lakini inasikika hata ikiwa chini ya kelele, na kule Nyeri watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wameitumia kupimia kina cha maji mtoni. Ukiitaka, angalia namba. Zipo za 433, za 868 na za 915, na kwa macho zinafanana. Ya 915 ni ya Wamarekani. Kwetu masafa hayo yamegusana na yale ambayo simu za watu hutumia kuupigia mnara, na Mamlaka ya Mawasiliano haitauliza kama ulikuwa unalinda kuku. Tena usiiwashe bila antena. Inaweza kujiunguza kwa nguvu zake yenyewe. Na antena hiyo inaingia kwenye kitundu kidogo hivi kwamba nilimwita mtoto wa jirani aje kuifunga, kwa malipo.

Ya pili ni HC-12. Hii ni ya watu waliochoka. Umeme, ardhi, waya wa kusema, waya wa kusikia, basi. Unachoandika upande huu kinatokea upande ule. Nguvu yake ina ngazi nane, na ya juu kabisa ni miliwati 100. Wanaiuza kwa majivuno kwamba ina chaneli 100. Nilizipiga hesabu. Ya kwanza iko 433.4, kila moja inapanda megahezi 0.4, ya mia inaishia 473. Lakini mkanda ulio wazi kwa vifaa vidogo vya aina hii unaanza 433.05 na kuishia 434.79. Kwa hivyo chaneli zilizo ndani ni nne. Zile tisini na sita zilizobaki ni za wenyewe. Hebu fikiria mtu akuuzie nyumba ya vyumba mia, halafu ukiingia ukute watu wamelala kwenye tisini na sita.

Nikachukua HC-12, chaneli ya pili, kwa sababu shemeji anaweza kuifunga bila mimi kuwepo chumbani, na LoRa hawezi.

Siku ya kuifunga nilisimama bandani, nikifungua na kufunga mlango, kuku wakinitazama kwa dharau. Shemeji alikuwa chumbani kwa mama yake na kipokezi. Simu zilikuwa wazi kati yetu, jambo ambalo, nikilitafakari, lilikuwa likitoboa siri kwamba chombo kilichokuwa kikifanya kazi siku ile ni simu.

"Inalia?"

"Ililia. Sasa hailii."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya. Mama ameisogeza."

Nyuma yangu, kutoka nyumbani, nilimsikia mama mkwe mwenyewe akimweleza shemeji aniambie kwamba kitu chenye waya ulionyooka hakiwezi kukaa mahali ambapo wageni wanakiona. Alikuwa amekifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua. Kitambaa si neno, mawimbi yanakipita. Lakini chini ya kitambaa alikuwa amekitia kwenye sanduku lake la bati, juu ya blanketi za harusi, akalifunga kwa kufuli. Nyumba yenyewe paa lake ni mabati. Kwa hivyo kipokezi kilikuwa ndani ya bati lililo ndani ya bati, na hakuna karatasi yoyote kutoka Luthuli iliyowahi kutoa umbali wa kufika humo.

Sikuweza kusema chochote. Mila hairuhusu mkwe kujadili sanduku. Nilimwomba shemeji amwombe mama amwombe mzee, na baada ya mashauriano ya muda kipokezi kikatoka, kikatundikwa dirishani nyuma ya pazia, antena ikiangalia juu, kitambaa kikabaki. Nikafungua mlango wa banda. Nyumbani kukalia mlio uliowatoa mbwa wa vijiji viwili. Mama mkwe akatuma neno kwamba sauti ni ndogo.

Kosa langu pekee, kama ni kosa, ni kufanikiwa. Baba wadogo wa mke wangu, ambao maboma yao yamepakana na hilo, waliusikia mlio. Wote wana kuku. Wote wanataka, na wote wanadhani ni bure. Maboma ni saba na chaneli halali ni nne. Nikawaeleza kwamba si lazima kila mtu awe na chaneli yake. Sote tutakaa kwenye moja, na kila boma litakuwa na namba yake ndani ya ujumbe, ili kuku wa huyu wakiibiwa asiamke yule. Wakaafikiana mara moja, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Kisha wakaanza kugawana namba. Mkubwa wao anataka namba moja kwa haki ya kuzaliwa. Mdogo anataka namba moja kwa kuwa ndiye aliyeuliza kwanza. Mama mkwe, kupitia kwa shemeji, amesema namba moja ni ya kuku wake na jambo hilo halijadiliwi. Kwa kutaka amani nikawaambia kwamba katika mambo haya ya kompyuta hesabu haianzii moja, inaanzia sifuri.

Sasa wote wanataka sifuri.